Mbwa Huyu Anakula kwa Nani

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndio mwaka shida zilipoanza. Baba alifariki kwenye masika, Mbagala, akatuachia jembe lenye mpini uliovunjika na mama asiye na kaka wala mjomba wa kumkimbilia. Shule niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa wala sikufeli. Asubuhi moja mama aliniambia nimenye mihogo ya kukaanga, nikamenya, na kesho yake nikamenya tena, ikawa hivyo hivyo mpaka njia ya shule ikaota majani. Nalisema mapema asije mtu akaniuliza cheti. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, mjukuu akayaingiza kwenye kompyuta. Kama kuna makosa ni ya mjukuu.

Mie naitwa Mwajuma, lakini kuanzia Kawe mpaka Chanika watoto wa mitaani wananiita Mama Mbwa. Nimeshika mbwa wakachomwa chanjo tangu nywele nyeusi mpaka hizi nyeupe. Sikuwa daktari. Daktari alichoma, mie nilishika. Nyie vijana mnaobaki na kazi hii mnadhani kushika ni kazi ya mikono. Ngojeni niwaeleze.

Nilipokua kidogo nilipelekwa Kawe kufanya kazi za ndani, nyumba ya wenyewe, na ndani ya ua kulikuwa na mbwa watatu: Bosi, Popi na Malkia. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwapikia ugali wa dona na vichwa vya samaki. Mama alipojua, aliniambia, "Ukirudi hapa usiguse chungu changu." Hakuwa na ubaya. Sie Wazaramo wa pwani tumekua tukijua mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini nikwambieni ukweli, nilikuwa nikiamka kabla jua halijatoka, upepo wa baharini umejaa uani, majani yametota umande, na wale watatu wamelala wamejikunja kama mikate. Nilikaa mlangoni na sufuria yangu nikiwatazama wanavyopumua. Mbwa akilala anakimbia, miguu inachezacheza, anabweka kwa ndani kama mtu anayeita toka chini ya maji. Nilikuwa najiuliza anamfukuza nani huko. Mpaka leo sijapata jibu, na mpaka leo nauliza.

Siku moja akaja bwana mifugo kuwachanja. Jina lake Kapinga, mtu wa Mbinga, mrefu, mkimya, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata. Alipofungua tu begi lake, Bosi akanguruma, na mtunza bustani akaonekana juu ya tangi la maji. Hatujui alipandaje, ngazi haikuwepo. Mama mwenye nyumba akajifungia ndani. Nikavua kanga yangu ya begani, nikamrushia Bosi kichwani, nikamkumbatia shingo. Akatulia. Chini ya kanga mbwa anakuwa kama mtoto aliyefunikwa shuka: dunia imezimwa, amebaki yeye na moyo wake. Nikausikia ule moyo kwenye kiganja, unakwenda mbio, halafu unapunguza, unapunguza.

Bwana Kapinga akachoma, akaifuta sindano, akaniangalia.

"Wewe binti, unaogopa nini duniani?"

"Njaa, baba."

Hakucheka. Alisema ofisini kwake wanatafuta mfagizi, nikitaka nije Jumatatu. Nikaenda Jumatatu. Ufagio niliushika muda mfupi tu.

Siku yangu ya kwanza ya chanjo ya mtaa ilikuwa Tandika, kwenye uwanja wa mpira. Watu walikuja na mbwa kwa kamba za katani, kwa minyororo ya baiskeli, mmoja alimleta kwenye toroli kama mgonjwa. Mbwa wasiofahamiana wakikutana uwanja mmoja ni sawa na harusi yenye wake wenza wawili. Niling'atwa mkono wa kushoto kabla ya saa nne. Bwana Kapinga akanipeleka bombani, akanisugulia kidonda kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka, muda mrefu hadi nikaona haya. Kisha akanipeleka hospitali mwenyewe. Njiani akasema, "Sabuni na maji mara moja, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usiruke hata kimoja." Ndiyo sala yake. Aliirudia kila asubuhi mpaka mbwa wenyewe nadhani waliikariri.

Vifaa vyetu nivitaje. Kasha la ubaridi la kuwekea chupa za chanjo, kwa sababu chanjo iliyopata joto ni maji tu, unamchoma mbwa bure na unawadanganya wenyewe. Barafu tuliinunua kwa akina mama wanaogandisha maji kwenye vifuko. Mabomba na sindano. Rangi ya kumpaka mbwa kichwani asije akachomwa mara mbili. Ukanda wa kitambaa wa kufunga mdomo. Na kanga yangu. Jina lililoandikwa kwenye kanga ile silisemi hapa, lilikuwa la kumsema mke mwenza, na mbwa hawakuhusika.

Kifaa changu kingine Bwana Kapinga hakukielewa mwanzoni: kopo la maziwa lililojaa udongo mkavu, nimeuchekecha mwenyewe. Kila tukimaliza nyumba nilinawa pale pale uani, mbele ya wenyewe, mara saba, moja kwa udongo. Aliniuliza kwa nini nisingoje nifike nyumbani. Nikamwambia, "Baba, hawa wananitazama. Wakiniona nanawa, kesho watanifungulia mlango." Na kweli. Temeke yote, nyumba ambazo hazimfungulii mtu wa mbwa, zilinifungulia mie.

Kawe na Msasani walitaka chanjo zote. Huko walijua habari ya ule ugonjwa wa kuharisha damu unaofagia vitoto vya mbwa vyote kwa wiki moja, madaktari wanauita parvo, na ile homa ya macho na pua ambayo mbwa akipona anabaki anatetemeka kama mzee kwenye baridi. Temeke na Vingunguti sie tulichanja kichaa cha mbwa tu, ndicho kinachoua na watu. Dereva mmoja wa Ubungo alituletea vitoto sita ndani ya boksi, vimeshalegea, damu inatoka nyuma, anataka vichanjwe. Bwana Kapinga akamwambia chanjo ni ya mzima, mgonjwa anatafutiwa tiba. Dereva akagomba, akasema tunabania dawa ya serikali. Nikamwambia, "Kaka, mwavuli unaununua baada ya kulowa?" Akaweka boksi chini. Vitoto vile tulivitibu, kimoja kilipona. Alikiita Mwajuma. Nilishukuru kwa heshima hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Pwani yetu mbwa hana mwenyewe. Unaingia uani, mbwa amelala kivulini, mnene, anatikisa mkia. Unauliza, "Huyu mbwa wa nani?" Wote wanamtazama kama ndiyo kwanza wanamwona. "Si wetu." Atakuwaje wao, na wamesikia tangu utotoni kwamba malaika haingii nyumba yenye mbwa? Basi tulikuwa tunaondoka, mbwa anabaki hana chanjo, na usiku wezi wakija anabweka kwa nyumba ambayo si yake.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuza samaki wa Kiwalani. Bwana Kapinga alimuuliza swali lake la siku zote, mbwa wa nani. Yule mama, huku anageuza vibua kwenye karai, akajibu, "Si wangu, bwana. Anakula tu hapa." Bwana Kapinga akasimama, kalamu hewani. Tulipotoka akacheka njia nzima, mtu ambaye hakuwa mcheshi. Kuanzia siku hiyo hatukuuliza tena mbwa wa nani. Tuliuliza, "Huyu anakula kwa nani?" Na watu walijibu, kwa sababu kulisha si dhambi kwa mtu yeyote. Andikeni hilo kwenye vishikwambi vyenu.

Palibaki pahala pamoja swali hilo halikupata jibu. Vingunguti, mitaa ya nyuma ya machinjio. Kule mbwa wanakula mabaki ya utumbo na ngozi, wananenepa kuliko watu. Kulikuwa na mmoja mwekundu, sikio moja limekatika, alilala nyuma ya madrasa ya Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mjane, amefundisha Kurani nusu ya Vingunguti, akipita wanaume wazima wanashuka kwenye baiskeli. Mwaka mmoja tulipopita na chanjo, niliuliza yule mwekundu anakula kwa nani. Bi Rukia mwenyewe alikuwa mlangoni. Akasema, "Mbwa wa njia huyo, mwanangu." Mbwa akakimbia, hatukumpata. Tukaendelea.

Miezi ikapita. Tukasikia kuna mtoto kang'atwa pale. Tulifika mchana, jua limeyeyusha barabara yote ikawa inaelea. Mtoto jina lake Salma, wa miaka saba, mwanafunzi wa madrasa ile. Alikuwa anacheza kibarazani, mguuni ana alama mbili za meno, ndogo tu. Baba yake, Shabani, alikuwa mbeba nyama machinjioni, mabega kama mlango.

"Ni yule mwekundu," alisema. "Jana asubuhi. Lakini yamekwisha, mwalimu alimwosha hapo hapo. Mara saba, kwa sabuni, na udongo."

"Kuosha amefanya la maana sana," akasema Bwana Kapinga. "Sasa hospitali. Leo."

"Ya nini? Si kaoshwa?"

"Kuosha kunapunguza. Hakumalizi. Mbwa yule hana chanjo."

Shabani akapandisha suruali, akaonyesha miguu yake. "Bwana mifugo, tazama. Hii ya mwaka jana, hii sijui ya lini. Mie mbwa wa machinjioni wananing'ata kama mbu. Niko hapa, nakula, nazaa. Mbwa yule mzima, kila mtu anamjua."

"Yuko wapi sasa?"

"Katembea. Mbwa si anatembea?"

Bwana Kapinga alimweleza kwamba kichaa kikishapanda kichwani hakuna daktari duniani anayekishusha, kwamba sindano zinasaidia kabla tu, kwamba siku zinakwenda. Shabani alisikiliza kwa adabu yote na hakusogea. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, namwona vidole vimeshika kitambaa. Salma akaendelea kuruka kwa mguu mmoja kwenye vyumba alivyovichora mchangani. Nakumbuka vumbi lile jepesi likipanda na kushuka, linang'aa, na mtoto katikati kama yuko ndani ya chupa. Nikawaza, huyu hayupo hapa. Huyu tayari yuko mahali ambapo sie wote tunamtazama tu.

Nikaondoka. Sikumuaga mtu. Nilizunguka nyuma ya madrasa alikokuwa akilala yule mbwa. Kulikuwa na ua wa makuti, jaa dogo, kamba ya nguo. Na kwenye kona, chini ya ukingo wa bati, kopo la maziwa. Nikachungulia. Udongo mkavu, laini, umechekechwa.

Nilichuchumaa pale nikilitazama lile kopo kama mtu aliyekutana na uso wake njiani. Mtu hachekechi udongo akauweka koponi ila anagusa mbwa, na si mara moja. Kando yake sahani ya bati imefunikwa, juu yake jiwe. Nikafunua: wali wa nazi na mifupa, umechacha, sisimizi wameshaufikia. Haukuguswa.

"Unatafuta nini, Mwajuma?"

Bi Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu, ushungi mweupe, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Kopo hili la nini, mwalimu?"

"La maua."

"Maua yako wapi?"

Akatazama huku na huku uani mwake, kama kweli anayatafuta. Hapakuwa na hata jani. Kisha akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mzito, pole pole.

"Mwanangu, mie nafundisha watoto wa watu. Wakijua mikono hii inashika nini, nani ataniletea mtoto? Alikuja mdogo, kakanyagwa na mkokoteni, sikio linaning'inia. Nikamwekea maji. Hivyo tu. Maji."

"Simuulizii mwenyewe, mwalimu. Nauliza, anakula?"

Tasbihi ikapita punje moja, nyingine.

"Hajala. Toka juzi hajala. Anaunusa anaondoka. Maji anayatazama kama kaona jini, anarudi nyuma. Na sauti yake imebadilika, Mwajuma, si yake tena. Jana asubuhi alimrukia mtoto bila sababu, yeye ambaye watoto humvuta mkia. Halafu akaenda, mdomo unadondosha mate. Hakurudi."

"Mwalimu, unajua hiyo ni nini."

"Nilikuwa sitaki kujua."

Ningeweza kurudi kwa Shabani nikasema mie, na Shabani angenionyesha miguu yake tena. Mie ni mshika mbwa. Neno lilikuwa la mmoja tu Vingunguti nzima, na likitoka litatoka na heshima yake yote. Alikaa juu ya kile kinu, jua likampita usoni kupitia makuti, michirizi michirizi. Kisha akasimama, akavaa baibui lake la kutokea, akachukua lile kopo la udongo mkononi. Nilidhani anakwenda kulificha. Akatoka nalo njiani.

Watu walikuwa wameshajaa kwa Shabani. Walipomwona mwalimu wakapisha.

"Shabani," alisema, hakupandisha sauti. "Yule mbwa anakula kwangu."

Shabani akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa utani na mkwewe. "Kwako, mwalimu?"

"Kwangu. Namlisha kwa mkono huu, nanawa kwa udongo huu. Toka juzi hali, hanywi, anaogopa maji. Anaumwa. Mie ndiye niliyemwosha Salma nikawaambia yamekwisha. Hayajaisha. Najisi imetoka, ugonjwa haujatoka. Mchukue mtoto."

Mama mmoja nyuma akasema, "Ee, mwalimu wetu!" na sikujua ni huruma au ni kuchukia. Pazia likafunguliwa, mke wa Shabani akatoka viatu hana, akamnyanyua Salma juu juu toka kwenye michoro yake. Shabani akamtazama mwalimu, akalitazama kopo, mabega yakashuka. "Gari lenu liko wapi?" akamuuliza Bwana Kapinga.

Salma alichomwa sindano ya kwanza jioni ile. Yule mbwa alikutwa kesho yake amekufa kwenye mtaro nyuma ya machinjio. Bwana Kapinga akavaa glovu, akapeleka kichwa kupimwa, na majibu yalipokuja yalikuwa yale tuliyoyajua. Salma alikwenda kwa sindano zote zilizobaki, na kila safari aliyemshika mkono ni Bi Rukia. Hakukosa hata moja. Salma sasa ni mama wa watu, anauza chipsi Buguruni, nikipita hanichaji na mie sibishani.

Bi Rukia walimpunguzia watoto. Wazazi wengine walihamisha wanao, wakanawa mikono yao kabisa. Akafundisha waliobaki kwenye jamvi lile lile, sauti ile ile. Shehe wa pale alikuja kusema mbwa wa ulinzi ana ruhusa, na baadhi wakarudi, baadhi hawakurudi. Mwaka uliofuata tulitandika meza yetu Vingunguti, asubuhi kweupe, hakuna mtu. Tukangoja. Mara nikamwona kwa mbali anakuja, baibui jeusi, na kamba, na mwisho wa kamba kitoto cha mbwa cha kahawia kinachojikwaa. Akafika mezani.

"Huyu anakula kwangu," akasema, kwa nguvu, watu wote wasikie.

Nilirusha kanga. Moyo kiganjani, mbio, halafu pole pole. Nilipoinua kichwa barabara yote ilikuwa inakuja: akina mama, wabeba nyama, wazee wa kofia, kila mmoja na kamba yake. Sijui kama walikuwa wengi kama ninavyowaona sasa. Kila mwaka ninapowakumbuka wanaongezeka.

Bwana Kapinga alistaafu akarudi kwao milimani, na huko amelala. Bi Rukia naye ametangulia. Mie nimestaafu juzi. Mlinipa keki na saa ya ukutani, asanteni, saa inakwenda mbele. Siku hizi nalala baada ya adhuhuri, na ndotoni wanakuja. Hawabweki. Wanapita tu uani mmoja mmoja, Bosi, Popi, Malkia, mwekundu wa sikio moja, vichwa vimepakwa rangi, na kila mmoja anasimama kidogo kunipa shingo. Mikono yangu inawashika usingizini. Mjukuu anasema miguu yangu inachezacheza.

Leo hii nina nyumba ya vyumba vitatu Chanika, bati zima. Nina kisima. Nina cherehani, kuku, na mti mmoja wa mlimao. Nina saa inayokwenda mbele. Nina alama za meno mkono wa kushoto. Nina kanga moja yenye matundu ambayo haifai kuvaliwa na haitupwi. Nina makopo mawili ya udongo uliochekechwa, langu na la Bi Rukia. Nina mbwa mmoja, jike, mweusi, amechanjwa chanjo zote. Msiniulize anakula kwa nani. Ulizeni ni wa nani. Ni wangu.